Kati ya Nadharia na Namba

Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na kwenda kusomea udaktari Oxford, alirejea nchini pamoja na msafara wa kitafiti, akakusanya damu za watu wa jamii mbalimbali. Matokeo yalichora ramani ambayo hakuna aliyeitarajia. Katika jamii kadhaa za pwani na za kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walibeba jeni ya selimundu. Kwenye nyanda za juu zilizo katikati, wabebaji hawakufika hata mmoja katika mia.

Jambo hilo lilidai maelezo. Mtoto aliyerithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama anaugua selimundu, na enzi hizo wengi wao walifariki kabla ya kufikia umri wa kuzaa. Kwa hesabu za uteuzi asilia, jeni inayopoteza watoto kiasi hicho ingepungua kizazi hadi kizazi mpaka iwe adimu. Mbona basi ilikuwa imeshamiri katika maeneo hayo? Jibu la Allison lilikuwa kwamba aliyerithi nakala moja tu haugui selimundu, na juu ya hapo ana kinga fulani dhidi ya malaria. Hasara ya wachache inafidiwa na uhai wa wengi. Mwaka uleule wa 1949 mwanabiolojia J. B. S. Haldane alikuwa ametoa wazo la namna hiyo kuhusu thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu unaopatikana sana katika nchi za Mediterania.

Ni nadharia nzuri, lakini kinga haionekani kwa macho wala kwa hadubini. Vinavyoonekana ni vimelea ndani ya tone la damu, nyuzi za joto kwenye kipimajoto, jina lililoandikwa katika daftari la vifo. Kutoka kwenye sentensi ya nadharia hadi kwenye kitu kinachohesabika pana hatua kadhaa, na kila hatua ni uamuzi wa mtafiti: apime nini, kwa nani, kwa chombo gani, na kuanzia kiwango gani aseme kipo au hakipo. Kigeu, yaani ile sifa inayopimwa na kuandikwa kwa namba, huzaliwa katika maamuzi hayo. Mabishano mengi makubwa ya kisayansi hutokea papo hapo, katikati, na wala si kwenye nadharia yenyewe au kwenye hesabu za mwisho.

Allison alifanya uamuzi wake kwa umakini. Utafiti alioutoa mwaka 1954 katika jarida la kitabibu la Uingereza ulichunguza watoto 290 wa Kiganda kutoka maeneo ya jirani na Kampala, wenye umri wa kati ya miezi mitano na miaka mitano. Kati ya watoto 43 waliobeba jeni, 12 walikutwa na vimelea vya malaria, sawa na asilimia 28 hivi. Kati ya 247 wasioibeba, waliokutwa na vimelea walikuwa 113, karibu asilimia 46. Umri haukuchaguliwa kwa bahati. Mtoto mchanga bado analindwa na kingamwili za mama yake. Mtu mzima aliyeumwa na mbu miaka yote amekwisha kujijengea kinga yake. Kama jeni ina msaada wowote, msaada huo utaonekana katikati ya vipindi hivyo viwili, pale mwili unapopambana bila silaha nyingine.

Baadhi ya watafiti waliopima watu wazima hawakuona tofauti ya maana, na wapo waliosema nadharia imeanguka. Haikuwa imeanguka. Kigeu kilikuwa kilekile, vimelea katika damu, ila kwa watu wazima wa maeneo yenye malaria nyingi kilikuwa kinaeleza habari nyingine: kinga ya miaka mingi iliyokwisha kufunika mchango wa jeni. Namba haikukosewa. Iliulizwa swali ambalo haikuweza kulijibu.

Kisa hiki kina sehemu ya pili iliyotokea Kilifi, pwani ya Kenya, nusu karne baadaye. Mwaka 2005 watafiti wa kituo cha utafiti cha huko, wakiongozwa na Thomas Williams, walichapisha matokeo yaliyotenganisha mambo ambayo awali yalichanganywa katika neno moja, malaria. Walipoangalia watoto wenye vimelea lakini wasioumwa, kubeba jeni hakukuonyesha tofauti. Walipohesabu malaria ya kawaida yenye homa, wabebaji walikuwa na kinga ya asilimia 50 hivi. Kwa malaria iliyomfikisha mtoto hospitali na kulazwa, asilimia 75. Kwa malaria kali, karibu asilimia 90. Nadharia ni moja, wilaya ni moja, na majibu ni manne. Aliyesimama kwenye kigeu cha kwanza angeandika kwamba jeni haina faida, na aliyesimama kwenye cha nne angeandika kwamba ni mojawapo ya kinga kubwa kabisa za asili zinazojulikana. Wote wawili wangekuwa na namba sahihi.

Tukiirudia sentensi ya nadharia tutaona kwamba haisemi lolote kuhusu vimelea. Inasema wabebaji wanabaki hai na kuzaa kuliko wenzao. Kigeu kinachoigusa moja kwa moja ni kifo. Ndiyo maana utafiti uliofanywa Asembo, magharibi mwa Kenya, na kuchapishwa mwaka 2002, una uzito wa pekee: kati ya miezi miwili na kumi na sita, hatari ya watoto wabebaji kufa kwa sababu yoyote ile ilikuwa pungufu kwa takribani asilimia 55. Ilichukua miaka 48 tangu chapisho la Kampala kufika karibu hivyo na kile nadharia ilichodai. Kuhesabu vimelea ni kazi ya asubuhi moja. Kufuatilia vifo vya watoto kunahitaji watafiti wanaokaa kijijini miaka, na familia zinazokubali kufuatiliwa hata katika msiba.

Je, haitoshi mtafiti kukusanya vipimo vingi kadiri iwezekanavyo, kisha nadharia ijitokeze yenyewe? Historia ya fizikia inajibu kwa ukali. Tangu Robert Brown aone mwaka 1827 kwamba chembe ndogo zilizotoka kwenye chavua hutikisika ndani ya maji bila kupumzika, wengi walijaribu kupima kasi ya chembe za namna hiyo. Majibu hayakupatana. Chembe hubadili mwelekeo mara nyingi mno katika sekunde moja, hivyo kasi iliyoandikwa ilitegemea mtazamaji alisubiri muda gani kati ya tazamo moja na jingine. Mwaka 1905 Albert Einstein alitoa nadharia iliyosema, kwa kweli, kwamba watu wanapima kitu kisichofaa. Waache kasi, wapime chembe imefika umbali gani kutoka ilipoanzia baada ya muda fulani, wakiukweza umbali huo kwa mraba na kutafuta wastani. Jean Perrin akafanya hivyo jijini Paris kwa uvumilivu mkubwa, na kutokana na umbali huo akakadiria idadi ya molekuli katika kiasi maalumu cha maada.

Hakuishia hapo. Katika kitabu chake cha mwaka 1913 Perrin aliorodhesha njia 13 za kuipata idadi hiyo, kuanzia mtikisiko wa chembe hadi rangi ya buluu ya anga na mionzi, na zote zilielekea kwenye kiasi cha namba 6 ikifuatiwa na sifuri 23. Waliokuwa bado wanaona atomu ni hadithi ya kurahisisha hesabu walibaki na la kusema kidogo sana. Kila njia ilikuwa na dhana zake za pembeni, na kila moja ingeweza kukosea kwa sababu yake. Zote 13 kukosea kwa kiasi kilekile ni jambo lisiloaminika. Hapa ndipo mwanasayansi hupata imani ya haki katika kitu asichoweza kukishika: si kwa kipimo kimoja safi, bali kwa vipimo vya asili tofauti vinavyokubaliana bila kupangiwa.

Hata joto, ambalo leo kila mzazi hulipima kwapani mwa mwanawe, liliwahi kuwa fumbo la aina hii. Wapimaji wa karne ya 18 walitumia zebaki inayopanda ndani ya kioo. Ili kujua kama zebaki hupanda sawasawa na joto, mtu anahitaji kulijua joto kwa njia nyingine. Na hiyo njia nyingine nayo ni kipimajoto. Henri Victor Regnault, katika miaka ya 1840, aliutoka mduara huo kwa kazi ya mikono: alilinganisha vipimajoto vya aina moja vilivyotengenezwa tofauti, akachagua aina ambayo vipimajoto vyake havipingani. Nadharia ya joto ilikomaa baadaye, ikarudi kusahihisha vipimo vilivyoizaa. Mwaka 2019 kipimo cha kelvini kilifungwa rasmi kwenye namba isiyobadilika ya Boltzmann, inayounganisha joto na nishati ya chembe. Kipimajoto na nadharia vimekuwa vikisahihishana kwa miaka mia tatu.

Percy Bridgman, mwanafizikia wa Marekani, alipendekeza mwaka 1927 suluhisho la mkato: maana ya dhana yoyote ni shughuli zinazofanywa kuipima, basi. Pendekezo hilo lilikata mzizi wa maneno matupu, na wanasaikolojia walilipokea kwa shangwe. Lakini lina gharama kubwa. Urefu wa meza unaopimwa kwa rula na umbali wa nyota unaopimwa kwa pembe vinageuka kuwa dhana mbili zisizohusiana, na kazi ya Perrin inakosa maana kabisa, kwa kuwa angekuwa amepima vitu 13 badala ya kimoja. Mwaka 1955 Lee Cronbach na Paul Meehl walieleza msimamo unaovumilika zaidi: kipimo hukubalika kinapokaa vizuri katika mtandao wa uhusiano ambao nadharia inautabiri, kikipanda panapotarajiwa kipande na kutulia panapotarajiwa kitulie. Uhalali wa kipimo, kwa maoni yao, haumalizwi kwa siku moja; unajengwa na unaweza kubomoka.

Mfano wa jinsi unavyobomoka umezaliwa Lushoto, Tanzania. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliweka maziwa ya moto kwenye jokofu bila kusubiri yapoe, akaona yameganda na kuwa aiskrimu kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Darasani alichekwa. Baadaye alimuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambaye badala ya kucheka alikwenda kujaribu. Makala yao wawili ilitoka mwaka 1969. Maji yaliyoanza na nyuzi 25 hivi yalichukua muda mrefu zaidi kuanza kuganda kuliko yaliyoanza na nyuzi 90.

Kwa miongo mitano watu walishindana juu ya sababu: mvuke unaopunguza maji, hewa inayotoka maji yakichemshwa, mzunguko wa maji ndani ya chombo, barafu ya jokofu inayoyeyuka chini ya chombo cha moto. Swali la awali zaidi lilipata uzito kwa kuchelewa: kuganda ni kupi? Ni wakati maji yanapofika nyuzi sifuri, wakati kipande cha kwanza cha barafu kinapojitokeza, au wakati yote yamekuwa barafu? Nyakati hizo tatu si sawa, kwa sababu maji yanaweza kushuka nyuzi kadhaa chini ya sifuri yakiwa bado kimiminika, na muda wa kugeuka ghafla hautabiriki. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walipima muda wa kufika nyuzi sifuri tu, na hawakuona maji ya moto yakitangulia. Walionyesha pia kwamba kihisio cha joto kikiwekwa juu au chini kwa sentimita moja tu ndani ya chombo, matokeo yanayofanana na ya Mpemba yanaweza kujitokeza.

Je, Mpemba alikosea? Hapana. Aliona alichokiona, na alikuwa mwaminifu kukisema mbele ya waliomcheka. Kilichokuwa kimepungua ni makubaliano juu ya kigeu. Nadharia ilipokuja kuandikwa upya, swali likawa pana zaidi ya maji: je, mfumo ulio mbali na utulivu unaweza kuufikia utulivu huo kabla ya ule ulio karibu? Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer nchini Kanada walilijibu kwa chembe ndogo inayosukumwa ndani ya maji chini ya hadubini, ambapo mwanzo, mwisho na muda vyote vimefafanuliwa bila utata. Ndiyo, inawezekana. Jina la kijana wa Lushoto limebaki kwenye jambo hilo, na anastahili.

Katika sayansi za jamii ugumu unaongezeka, kwa kuwa anayepimwa naye anawaza. Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto wa Usenge, magharibi mwa Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2001. Mbali na mitihani ya akili ya kawaida, waliwauliza kuhusu dawa za asili: mti gani hutibu nini, na kwa kiasi gani. Ni maarifa ambayo mtoto wa huko huyatumia kweli anapoumwa yeye au mdogo wake. Waliofanya vizuri katika dawa hawakuwa wale waliong'ara katika mitihani ya aina ya shule. Katika baadhi ya vipimo uhusiano ulikuwa kinyume kabisa. Nadharia inayodai kwamba akili ni uwezo mmoja wa jumla ilitarajia vipimo hivyo vipande pamoja. Mtafiti angekwenda Usenge na mtihani uliotungwa ng'ambo pekee, angerudi na namba nadhifu na picha ya nusu ya watoto hao.

Umaskini nao hupimwa kwa matumizi ya kaya, na hapa Tanzania imetoa somo ambalo lingepaswa kujulikana zaidi. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na wenzao waligawa kaya zipatazo 4,000 kwa bahati nasibu katika makundi manane, kila kundi likaulizwa matumizi yake kwa njia tofauti. Wengine waliandika kwenye daftari kila siku, kila mtu mzima na lake. Wengine walikumbuka wiki moja au mbili zilizopita. Wengine waliulizwa kuhusu mwezi wa kawaida. Kwa kuwa kaya ziligawanywa kwa bahati nasibu, makundi yote manane yalipaswa kuwa maskini kwa kiwango kimoja. Hayakuonekana hivyo. Njia nyingi za kukumbuka zilitoa matumizi madogo kuliko daftari la mtu binafsi linalosimamiwa kwa karibu, na kiwango cha umaskini kikabadilika kufuata njia ya kuuliza. Anayelinganisha umaskini wa nchi mbili, au wa mwongo mmoja na mwingine, bila kuuliza hojaji zilikuwaje, huenda analinganisha hojaji.

Hapa inafaa kusema wazi jambo linalohusu vyuo vyetu. Tasnifu nyingi zina mchoro wa visanduku na mishale: vigeu huru kushoto, kigeu tegemezi kulia. Mara nyingi mchoro umechorwa baada ya hojaji kupatikana, na hojaji imechukuliwa kutoka utafiti wa nchi nyingine, ikatafsiriwa na kugawiwa. Nadharia imetajwa kwa jina katika sura ya pili na haionekani tena. Mwanafunzi hatakiwi kulaumiwa peke yake, maana ndivyo alivyoelekezwa na ndivyo anavyosahihishwa. Ila swali ambalo mtahini angepaswa kuanza nalo ni rahisi: ni jibu gani, kati ya yale ambayo hojaji hii ingeweza kutoa, lingekufanya uiache nadharia yako? Kama halipo, mshale wa katikati haujaunganisha kitu.

Vigeu vyenyewe, hata vilivyothibitishwa, vinahitaji kuangaliwa tena na tena. Majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyohusisha watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika, wakiwamo wa Bagamoyo, Korogwe na Kilifi, yalihesabu malaria kuwa homa ya nyuzi 37.5 au zaidi pamoja na vimelea zaidi ya 5,000 katika kila milimita ya ujazo ya damu. Kizingiti hicho kina hoja nyuma yake: katika maeneo hayo mtoto anaweza kuwa na vimelea vichache huku homa yake ikitokana na kifua au sikio, na homa za namna hiyo zingehesabiwa, chanjo ingeonekana dhaifu kuliko ilivyo. Kizingiti kikiwekwa juu mno, watoto wanaoumwa kweli wanaachwa nje ya hesabu.

Na vituo vya afya vinavyotumia kipimo cha haraka, kile cha tone la damu kwenye kijiplastiki, mara nyingi havioni kimelea chenyewe. Vipimo vingi vya aina hiyo hutafuta protini iitwayo HRP2 inayotolewa na kimelea cha falsiparamu, vikitegemea dhana kwamba kila kimelea cha aina hiyo huitoa. Mwaka 2010 watafiti waliripoti kutoka Peru vimelea visivyo na jeni ya protini hiyo. Miaka michache baadaye, katika hospitali ya Ghindae nchini Eritrea, vimelea vya wagonjwa 21 kati ya 26 waliochunguzwa vilikutwa havina jeni hiyo. Mgonjwa ana malaria, kipimo kinasema hana, na takwimu za wilaya zinaonyesha ugonjwa unapungua. Eritrea ilibadili vipimo mwaka 2016. Shirika la Afya Duniani linashauri nchi nyingine zichukue sampuli za vimelea na kusoma jeni zake maabara, na pale ambapo zaidi ya asilimia 5 ya wagonjwa wanakosewa kwa sababu hiyo, kipimo kibadilishwe kwa kingine kinachotafuta kimeng'enya ambacho kimelea hakiwezi kuishi bila hicho.